Nani Aliyeivumbua Shaba ya Katanga?

Katika vitabu vya masomo hupatikana mara nyingi sentensi fupi ya namna hii: Fulani aliivumbua shaba ya mahali fulani, katika mwaka fulani. Mtoto huisoma, huiandika katika daftari lake, na siku ya mtihani huijibu, naye hupata maksi zake. Walakini neno hili kuvumbua ni neno zito. Maana yake ni kulifichua jambo lililokuwa limefichika. Basi hatuna budi kuuliza: lilifichika kwa nani? Jambo lisilojulikana na mgeni laweza kuwa ni la kawaida kabisa kwa mwenyeji, na jambo lisilojulikana na mwenyeji laweza kuonekana kwa mgeni mwenye chombo kipya. Nataka kulipima neno hili kwa habari za shaba ya Katanga, katika Congo, na ya nchi jirani iliyoitwa zamani Rhodesia ya Kaskazini, nayo tangu mwaka 1964 yaitwa Zambia. Mradi wangu si kumnyang'anya mtu sifa yake, bali kila mtu apewe iliyo haki yake.

Kwanza tuitazame shaba yenyewe ilivyolala. Katika nchi nyingine madini hukaa kama mishipa inayopenya majabali yaliyotokana na moto wa chini ya ardhi. Shaba ya huku si hivyo. Hukaa katika miamba ya mashapo. Mashapo twayajua sote: ukiyaacha maji ya mto katika mtungi usiku kucha, asubuhi utakuta tope limetua chini. Ndivyo ilivyokuwa katika nchi hiyo, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati ambapo hapakuwapo mti wala mnyama juu ya nchi kavu. Maji yalitandaa, yakatua mchanga, na tope, na chokaa, tabaka juu ya tabaka, hata uzito wa tabaka za juu ukazigandamiza za chini zikawa mawe: mawe ya mchanga, mawe ya jamii ya chokaa, na mawe yapasukayo vibao vyembamba kama sleti za watoto wa shule.

Kisha maji yenye chumvi nyingi yalipita katika mawe mekundu, yakaichukua shaba kidogo kidogo, kama maji ya moto yanavyoichukua rangi ya majani ya chai. Yalipofika penye tabaka nyeusi, zenye mabaki ya viumbe vidogo vilivyooza na zenye kiberiti, shaba haikuweza kuendelea na safari. Iliungana na kiberiti ikakaa palepale. Kwa sababu hiyo mtafutaji wa shaba ya namna hii hutafuta mpaka, yaani mahali mwamba mwekundu unapokutana na mwamba wa kijivu au mweusi. Tabaka lenyewe la shaba laweza kuwa la hatua chache tu kwa unene, lakini huufuata mwamba wake mbali sana. Toka Kolwezi katika Congo hata Luanshya katika Zambia ni zaidi ya maili 250, na machimbo yamefuatana njia yote.

Baadaye nguvu za ardhi ziliikunja miamba hiyo kama mkeka uliosukumwa ukutani. Pengine kunjo limeinuka, na tabaka la shaba limetokeza juu. Pengine limezama chini mbali. Pale lilipotokeza, hewa na mvua ziliigeuza shaba kuwa jiwe lenye rangi ya kijani, ndilo liitwalo malakiti. Jiwe hilo ndilo lililowaita watu wa kwanza.

Watu hao wa kwanza walikuwa nani? Majina yao hatunayo, lakini kazi yao tunayo. Huko Kansanshi, karibu na Solwezi katika Zambia, shaba ilichimbwa na kuyeyushwa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale penye mto Lualaba, makaburi ya kale yalifukuliwa tangu mwaka 1957, na ndani yake zilionekana alama za shaba zenye umbo la msalaba, zilizowekwa pamoja na wafu. Wataalamu wameona ya kwamba kadiri miaka ilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana, nao huamini ya kuwa ilikuwa fedha ya nchi. Mwaka 1960 misalaba ya shaba ilifukuliwa pia katika makaburi ya Ingombe Ilede, karibu na makutano ya mto Zambezi na Kafue, mbali na machimbo. Basi hapana shaka biashara ya shaba ilikwisha kuenea nchi nyingi kabla Mzungu hajaijua njia ya Katanga.

Nao waliitafutaje? Walitazama. Penye shaba nyingi katika udongo miti ya miombo haimei vizuri. Kilima hubaki kitupu, chenye majani na mawe tu, katikati ya msitu. Juu ya kilima hicho humea mimea midogo ya jamii ya mrihani inayostahimili shaba, ambayo mimea mingine hufa kwayo. Katika karne ya 20 watafutaji wenye shahada za vyuo vikuu walijifunza kuifuata mimea hiyo ili waipate shaba. Tena likatokea jambo la ajabu zaidi: mmoja wa mimea hiyo huota penye takataka za matanuu ya zamani, kwa sababu udongo wake umechanganyika na shaba, basi wachunguzi wa mambo ya kale wakaufuata wakayapata matanuu yaliyosahauliwa. Watu wameondoka, majina yao yamepotea, lakini ua limebaki kuonyesha walipofanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, aliandika ya kuwa uchimbaji na uyeyushaji wa shaba ulikuwa ni kazi ya jamaa maalum, baba akimrithisha mwanawe. Walichimba mashimo ya mviringo ya futi 15 hata 20, na shimo likizidi kina waliliacha wakafungua jingine. Mmisionari mwingine, Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne, alitoa mwaka 1926 habari za mafundi hao, akiwaita walao shaba. Kazi ilikuwa ya wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Mawe ya kijani yalichaguliwa na kusafishwa; makaa yalichomwa kwa miti migumu; matanuu yalijengwa kwa udongo wa chuguu; mivukuto ikavuta pumzi mchana kutwa, hata shaba ikatiririka nyekundu, ikamiminwa katika kalibu. Kila hatua ilikuwa na fundi wake na miiko yake. Mtu asiyejua aina ya jiwe, na aina ya mkaa, na kipimo cha moto, hawezi kupata shaba kwa bahati. Hiyo ni elimu, ijapokuwa haikuandikwa.

Habari za shaba hiyo zilifika mbali. Mapema katika karne ya 19 wachuuzi wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, walitumwa kutoka Angola, wakakata bara mpaka Tete, nao walipita katika nchi hizo za shaba. Livingstone naye, alipokuwa katika nchi ya Kazembe mwaka 1867 na 1868, aliandika habari za vipande vya shaba ya Katanga vyenye umbo la herufi I, vya ratili 50 na zaidi. Na hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu. Kalasa, Msumbwa wa magharibi ya Unyamwezi, alikuwa mfanyi biashara aliyezoea kwenda Katanga kutafuta shaba. Mwanawe Ngelengwa, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Msiri, alilowea huko kama mwaka 1856. Kwa hila na kwa bunduki akajifanyia ufalme, mji wake mkuu ukiwa Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Wao walikuwa hodari wa kuivuta shaba ikawa uzi mwembamba wa kufanyia mapambo. Tusifiche ya kuwa ufalme ule uliuza watu pia pamoja na pembe na shaba, na wenyeji wengi waliugua chini yake. Lakini kwa habari ya elimu ya shaba, Wayeke waliwakuta mafundi wa nchi, wakajifunza kwao.

Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, uliondoka pwani yetu, ukapita Tabora na kuvuka ziwa Tanganyika, mizigo yake ikichukuliwa na wapagazi ambao wengi wao walitoka Unguja. Tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, na Bodson mwenyewe akapigwa akafa. Tangu siku ile funguo za kilima cha shaba zilikuwa katika mkono mwingine.

Sasa waliingia wataalamu. Mwaka 1892 Mbelgiji Jules Cornet, mjuzi wa miamba, alizunguka Katanga na msafara wa Bia na Francqui, akaandika jinsi tabaka zilivyopangana. Yeye ndiye wa kwanza kuisoma miamba ya Katanga kama mtu asomavyo kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, na sifa hiyo ni yake halali. Lakini alipofika penye shaba, aliwakuta wachimbaji wa nchi wamekwisha kumtangulia. Mwaka 1899 Mwingereza George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Robert Williams, alifika Kansanshi. Akakuta machimbo ya kale. Mwaka 1901 akaingia Katanga. Huko nako mashimo ya wenyeji yakamwonyesha pa kuanzia. Mwaka 1902 machimbo ya kale yalionekana na watafutaji pahali karibu na Ndola, na mgodi uliofunguliwa hapo ukapewa jina la Kiswahili, Bwana Mkubwa. Katika mwaka uleule, husimuliwa ya kwamba William Collier alipiga korongo, mnyama wa jamii ya palahala, huko Luanshya, na kichwa cha mnyama kikaangukia jiwe lenye madoa ya kijani. Mgodi wa Roan Antelope ukaitwa kwa jina la mnyama huyo. Hadithi hii ni tamu, nayo hupendwa. Lakini tazameni: katika hadithi hata mnyama aliyekufa amepewa jina, na watu waliochimba katika nchi hiyo kwa karne nyingi hawana hata moja.

Je, twaweza basi kusema ya kuwa wageni hawakuvumbua neno lo lote? La, hasha. Hapo tungekosa haki upande wa pili. Wahenga wetu wamesema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame; na wako walioinama kuliko wazee wetu walivyoweza kuinama. Mashimo ya futi 20 yalifika penye malakiti, yakaishia hapo. Wazee hawakuwa na njia ya kuyaondoa maji ya chini, wala njia ya kuyeyusha kwa faida shaba iliyoungana na kiberiti. Hata wageni wenyewe kwa muda mrefu waliona ya kuwa shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ni hafifu, haifai gharama, ukiilinganisha na mawe mazito ya Katanga. Baada ya mwaka 1923 makampuni makubwa yalipewa haki ya kutafuta katika eneo kubwa sana, nayo yalileta watu wengi na keekee zenye ncha za almasi. Keekee hiyo haichimbi shimo la mtu kushuka. Hukata kijiti kirefu cha mwamba na kukipandisha juu, ili mjuzi akitazame, tabaka kwa tabaka, kama mtu avutaye shina la muwa na kuzihesabu pingili zake.

Kwa njia hiyo, huko Roan Antelope tangu mwaka 1925, ilionekana ya kuwa chini ya mawe yale hafifu ya juu tabaka halikwisha. Liliendelea kushuka, likapinda chini kama kitako cha mtumbwi, likapanda tena upande wa pili. Na katika kina kile shaba ilikuwa ya kiberiti, kama sehemu 3 katika kila mia ya mwamba, maili baada ya maili. Mwaka 1931 mgodi ulianza kutoa shaba. Uvumbuzi huo ulikuwa wa kweli, maana ulilifichua lililofichika kwa wote, mwenyeji na mgeni.

Aidha wataalamu nao walikosana kati yao. Wengi walidhani ya kuwa majabali ya matale yaliyo karibu na machimbo yalipanda yakiwa moto, yakaileta shaba na kuipenyeza katika mashapo. Mwaka 1951 Garlick na Brummer walitoa hoja zao kinyume: matale yale yalikuwapo kwanza, na mashapo yalitua juu yake baadaye, basi hayakuwa ndiyo yaliyoileta shaba. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lilimgeuza mtafutaji uso. Aliyekuwa akiyafuata matale, sasa alijua kwamba aifuate tabaka ya mashapo po pote iendapo, hata kama hapana dalili juu.

Tena elimu haikukoma hapo. Magharibi ya mji wa Kolwezi kuna nchi iliyofunikwa na mchanga, isiyo na kilima kitupu wala jiwe la kijani. Hapo, katika karne hii ya 21, watafutaji walitoboa wakayapata madini makubwa ya Kamoa, na mwaka 2016 ya Kakula, penye mpaka wa mawe ya mchanga na mwamba mweusi wa tope na kokoto ulio juu yake. Mwaka 2021 mgodi ulianza kutoa shaba. Mzee wa zamani hakuiona shaba hiyo, wala asingeweza. Aliyeiona ni fikira kwanza, na keekee baadaye.

Basi tumefika penye jibu la swali letu. Shaba ya Katanga haikuvumbuliwa siku moja, wala na mtu mmoja. Wako waliolivumbua jiwe na kazi yake, nao ni mafundi wa nchi. Yuko aliyevumbua mpango wa tabaka. Wako waliovumbua kina chake. Mwanafunzi akiandika jina la mmoja tu, amesema theluthi ya kweli, na theluthi ya kweli si kweli.

Lakini theluthi iliyoachwa imeleta hasara kubwa kuliko kosa la kitabu. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa katika tanuu la kampuni. Haki ya machimbo ikawa ya kampuni. Matanuu ya udongo wa chuguu yakazimika. Watu wa makabila mengi walikusanywa migodini, Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Mtu ambaye babu yake alichagua jiwe, akapima moto, akaamua wakati wa kumimina, yeye sasa alipewa sururu na namba, akaambiwa pa kupiga. Ilisemekana hajui neno juu ya shaba. Na mtu akiambiwa kwa muda mrefu ya kwamba hajui, mwisho huacha kuwauliza wazee wake, na wazee hufa na elimu yao. Asiyekujua hakuthamini, nawe usipojijua utajithamini kwa kipimo gani?

Linganisheni na Ujerumani. Huko Mansfeld iko shaba iliyolala katika mwamba mweusi wa mashapo, jamii moja na hii yetu, nayo ilichimbwa kwa karibu miaka 800, hata mwaka 1990. Baba yake Martin Luther alikuwa mtu wa kazi hiyo ya kuyeyusha shaba. Mapokeo ya watu wa Mansfeld husema ya kuwa walioanza kuipasua shaba hiyo, mwaka 1199, walikuwa wachimbaji wawili, Nappian na Neucke. Labda ni hadithi tu. Lakini angalieni watu hao wanavyohesabu. Kwao mvumbuzi si bwana mwenye hati ya kampuni, wala mjuzi aliyekuja miaka mia saba baadaye na vyombo vyake. Mvumbuzi ni mtu aliyepiga sururu ya kwanza, naye wamemtunzia jina.

Sisi tulio walimu tuna kazi hapo. Hatuwezi kuyafufua majina ya mafundi wa Kansanshi na wa Katanga, maana yamekwenda na wenyewe. Lakini katika nchi zetu bado wako wazee wanaojua pahali palipochomwa chuma, palipochemshwa chumvi, palipochimbwa udongo mzuri wa vyungu, na jina la mtu aliyeanza. Tuwapeleke watoto wakaulize, nao waandike pamoja na jina la msemaji na la kijiji chake. Na siku mtoto anapoandika katika daftari habari za Cornet na Grey na keekee ya Roan, aandike mstari mmoja juu yake: kwamba watu hao walipofika, walikuta mashimo.